Majani Makavu, Kamba na Historia ya Uwanda wa Ruzizi

Jina la Lubarika halikosekani katika maandishi ya kilimo ya enzi ya Wabelgiji. Mahali hapo, katika sehemu ya kaskazini ya uwanda wa Ruzizi, si mbali na Luvungi, katika eneo la kichifu la Bafuliiru, teritwari ya Uvira, palijengwa kituo cha INEAC, yaani taasisi ya uchunguzi wa kilimo ya Kongo ya Kibelgiji iliyoundwa mwaka 1933. Zao lililoshughulikiwa hasa kituoni hapo lilikuwa pamba. Baada ya uhuru taasisi ilibadilishwa jina ikawa INERA, nacho kituo kikaendelea kuitwa kwa jina la kijiji. Ndiyo maana msomi akitaja Lubarika na nyuzi katika sentensi moja, msikilizaji wake hufikiria pamba papo hapo.

Makala haya yanahusu nyuzi za aina nyingine, yaani zile zitokanazo na majani yaliyokaushwa, ambazo watu wa uwanda huu na wa ufuko wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika wamezifanya kamba tangu kabla ya mbegu ya kwanza ya pamba ya serikali kupandwa. Hoja yetu ni kwamba historia ya uwanda wa Ruzizi imeandikwa upande mmoja, upande wa nyuzi zilizopimwa kwa tani na kulipiwa kwa faranga, na kwamba upande wa pili haupatikani katika makabrasha ya utawala bali katika msamiati. Mwandishi wa makala haya amesomea isimu, wala si mwanahistoria. Basi msomaji asishangae tukikaa zaidi kwenye maneno kuliko kwenye tarehe.

Kwa nini jani hukaushwa

Mtu asiyewahi kusokota kamba hudhani kwamba jani bichi ndilo bora, kwa kuwa ni laini na halivunjiki. Kinyume chake ndicho kweli. Jani bichi limejaa maji. Likisokotwa lingali bichi, kamba huonekana imekaza siku ya kwanza; maji yanapotoka, jani husinyaa, misokoto hulegea, na fundo lililofungwa vizuri huanza kuteleza baada ya siku chache. Kwa hiyo ni lazima jani limalize kusinyaa kwanza, ndipo lisokotwe. Lakini jani lililokauka kabisa nalo halisokoteki, hukatika kama ubua. Ujuzi wenyewe umo katikati ya hali hizo mbili: jani hukaushwa hadi lisiwe na maji ya kupoteza, kisha hurudishiwa unyevu kidogo, ama kwa kunyunyiziwa maji, ama kwa kufunikwa kwa kitambaa kibichi, ama kwa kulazwa nje lipate umande. Unyevu huo wa pili unalilainisha jani bila kulivimbisha. Maji yakizidi, kazi yote ya kukausha imepotea bure.

Mahali pa kukaushia napo pana hesabu yake. Jua kali hukausha upesi, lakini hulipausha jani na kulifanya jepesi kuvunjika. Kivuli chenye upepo hukawia, ila huliacha jani na unyumbufu wake. Kivuli kisicho na upepo ni kibaya kuliko jua, maana hapo jani hushika ukungu, na jani lililoingiwa na ukungu halina dawa. Uwanda wa Ruzizi ni mkavu na wenye joto kuliko milima inayoupakana, na kiangazi chake, takriban Juni hadi Septemba, kinafaa sana kwa kazi hii. Wakati wa mvua hapana budi majani yatundikwe chini ya paa na kugeuzwa mara kwa mara.

Mgomba humpunguzia fundi kazi, kwa sababu hujikausha wenyewe. Kama wajuavyo wataalamu wa mimea, lile tunaloliita shina la mgomba si shina la kweli, bali ni sehemu za chini za majani, pana na nene, zilizokumbatiana tabaka kwa tabaka. Tabaka za nje huzeeka mapema, hufa na kukauka zikiwa zingali zimeshikamana na mmea. Mkulima huzibandua, huzichana kwa urefu, huzitia maji kidogo, na mara anacho cha kufungia mzigo wa kuni, fito za ua au mdomo wa kapu. Kamba hii ya haraka haisokotwi hata kidogo. Ni ukanda tu wa jani, unafungwa, unatumika, unatupwa. Wageni wengi walioandika juu ya nchi za Maziwa Makuu waliiona kila siku bila kuihesabu kuwa ni kamba.

Kamba ya kudumu hutaka subira zaidi. Nyuzi mbili za majani husokotwa, aghalabu juu ya paja, kila mmoja kuelekea upande mmoja. Kisha mbili hizo huzungushwa pamoja kuelekea upande wa pili. Kila mzunguko unataka kufunguka, na kila mmoja unamzuia mwenzake. Kamba nzima imesimama juu ya ugomvi huo. Na kwa kuwa majani hayana urefu wa kutosha, fundi huunga jani jipya kabla la kwanza halijaisha, akiangalia kwamba miungo ya nyuzi mbili haikutani mahali pamoja. Waswahili husema kamba hukatikia pabovu. Katika kamba ya majani, pabovu ni pale miungo miwili ilipokutana, na fundi mzuri hutambulikana kwa kutokuwapo kwa mahali hapo.

Migomba si peke yake. Uwanda wa Ruzizi una mikoma, ile jamii ya Hyphaene yenye majani yaliyotandaa kama pepeo, na sehemu ya miti hiyo imehifadhiwa upande wa Burundi katika hifadhi ya Rusizi. Ipo pia mikindu kando ya maji, na mafunjo na matete katika delta. Kwa mkindu huchaguliwa kuti changa ambalo vijani vyake havijafunguka. Huanikwa hadi likapauka, kisha huchanwa kwa upana unaotakiwa. Mafunjo hutumika bua lake, kwa hiyo hatutayazungumzia zaidi.

Yafaa hapa tutofautishe njia tatu za kupata nyuzi, kwa sababu zimechanganywa katika vitabu vingi. Njia ya kwanza ni kuozesha. Makumbi ya nazi hufukiwa katika mchanga wenye maji kwa miezi kadhaa, kisha hupondwa hadi usumba ukatoka. Vivyo hivyo juti, na ule mmea uitwao Urena lobata ambao Wabelgiji waliupandisha kwa wingi upande wa magharibi wa Kongo, hulowekwa majini hadi nyama yake ikaoza. Njia ya pili ni kukwangua: jani bichi la mkonge husagwa na kukwanguliwa, na kinachoanikwa baadaye si jani bali ni singa zake. Njia ya tatu ndiyo yetu, ya kukausha. Katika njia hii hakuna kinachotolewa ndani ya jani, kwani jani zima ndilo linalogeuka kuwa uzi. Njia ya kwanza na ya pili zilipata mashine, viwanda na masoko ya mbali. Ya tatu haikuhitaji zaidi ya kisu, kivuli na maji ya kunyunyizia, na kwa sababu hiyo haikuacha takwimu hata moja.

Maneno kama mashahidi

Ikiwa kitu hakikuandikwa, mtafiti afanye nini? Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya misitu ya Afrika ya Ikweta, na David Schoenbrun, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya nchi za Maziwa Makuu, wameonyesha kwamba neno na kitu husafiri pamoja, na kwamba mtu akilinganisha maneno ya lugha zinazohusiana anaweza kuona nyuma zaidi ya maandishi. Njia hii ina mitego yake, lakini kwa jambo letu inafaa kuliko nyingine.

Tuanze na kitenzi kuanika. Kinyarwanda na Kirundi husema kwanika, Kiganda husema okwanika, na mbali kusini Kizulu kina ukweneka, vyote kwa maana ya kutandaza kitu kikauke. Wanaisimu wamelihesabu shina hilo kuwa miongoni mwa maneno ya kale ya lugha za Kibantu. Watu waliolieneza kutoka maziwa hadi bahari ya kusini hawakuliazima kwa mfanyabiashara wala kwa mmisionari. Walikuwa nalo, na bila shaka walikuwa na vitu vya kuanika: nafaka, samaki, ngozi, majani. Si haki kudai kwamba kuanika peke yake kunathibitisha kuwapo kwa kamba. Linalothibitishwa ni kwamba ukaushaji ulikuwa kazi yenye jina lake mahsusi, tofauti na kukauka kwa kawaida. Tena angalia jinsi Kiswahili kinavyogawa hatua: jani hunyauka, kisha husinyaa, kisha hukauka, na likiachwa juani kupita kiasi hupauka. Vitenzi vinne, hali nne, na kila fundi anajua asimame wapi.

Neno la kamba yenyewe nalo lina ukoo mpana. Kirundi na Kinyarwanda vina umugozi, Kiganda kina omuguwa, Kichewa kina chingwe, na Kiswahili kina ugwe, neno ambalo siku hizi hukutwa zaidi kwa wazee na katika kamusi kuliko sokoni. Kifuliiru, ambacho Malcolm Guthrie alikiweka katika kundi moja na Kinyarwanda na Kirundi, ni jirani wa karibu wa lugha hizo, na uhusiano huo unatuambia kwamba umri wa kamba katika uwanda huu haukuanzia na misafara ya pwani. Kingine kinachoonyesha hilo ni Kilingala, ambacho kwa kamba hutumia nsinga, neno la magharibi, na nsinga hiyohiyo leo ni waya wa umeme. Mpaka wa maneno haya mawili, umugozi na nsinga, ungefaa kuchorwa kwenye ramani na mwanafunzi mmoja mwenye miguu imara.

Hata hivyo ni katika migomba ndipo tofauti ya pwani na maziwa inapojitokeza wazi. Kinyarwanda hutenga amakoma, majani mabichi ya mgomba, na amashara, majani yake makavu, na tena ibirere, zile tabaka kavu za shina zinazofaa kwa kufungia. Kiganda nacho hutenga essanja, majani makavu yanayotandikwa shambani, na ebyayi, tabaka kavu za kufungia. Kiswahili cha pwani hakina mgawanyo huo. Badala yake kina utajiri wa minazi na mikindu: ukindu, miyaa, ukili unaosukwa kwa ajili ya mikeka, ushupatu wa kuwambia vitanda, ukambaa uliosukwa kwa majani, na ung'ongo, ule ukanda mwembamba wa jani la kushonea na kufungia. Kila mtu anajua kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ni watoto wangapi wa Uvira au Bukavu wanaoirudia methali hiyo bila kuwahi kuambiwa ung'ongo ni kitu gani? Wengi hudhani ni aina ya mdudu.

Sababu si ngumu kuitafuta. Kamusi tunazozitegemea zilikusanywa pwani au kwa kufuata matumizi ya pwani: ile ya Krapf ya mwaka 1882, ile ya Johnson ya mwaka 1939, ile ya Sacleux iliyotoka kuanzia mwaka huohuo, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981. Kamusi ya Lenselaer ya mwaka 1983 ilijali zaidi Kiswahili cha Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, lakini hata hiyo haikukusudiwa kuwa kamusi ya mafundi. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa kwetu akitaka kuandika kwa Kiswahili fasaha juu ya kitu alichokifunga jana kwenye mzigo wa mama yake, analazimika kuandika "gome kavu la mgomba", maneno manne kwa kitu kimoja, tena si sahihi, maana mgomba hauna gome. Au anaandika jina la Kifuliiru na mwalimu anampigia mstari mwekundu. Sioni kwa nini Kiswahili kilichokubali bila haya maneno ya Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza kione haya mbele ya Kifuliiru, Kivira au Kishi.

Neno mkonge latufundisha jinsi mambo yanavyokwenda. Zamani lilikuwa jina la mimea ya porini ya jamii ya Sansevieria, ambayo nyuzi zake zilitumiwa kwa mitego na nyuzi za pinde katika nyika nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya katani kutoka Florida hadi Tanga. Katika miche 1,000 iliyonunuliwa ilinusurika 62 tu, na katika hiyo 62 yakaota mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa nchi ya kwanza duniani kwa zao hilo. Mgeni alipofika alivishwa jina la mwenyeji. Leo ukisema mkonge, hakuna anayewaza Sansevieria.

Mzigo na kifungo

Mnamo Aprili 1858, Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji, wakitafuta kujua kama Ruzizi inatoka ziwani au inaingia. Wana wa mtawala wa hapo waliwaambia kwamba inaingia, nao wakarudi bila kuuona mdomo wake. Livingstone na Stanley waliuona mnamo Novemba 1871. Simulizi za safari hizi hurudiwa shuleni kwa ajili ya swali la mto. Sisi tungependa zisomwe tena kwa swali jingine: mizigo ilifungwa kwa nini? Kila mtumba wa nguo uliobebwa kutoka pwani ulikazwa kwa kamba. Kamba ya pwani ikikatika njiani, iliyochukua nafasi yake ilikuwa ya nchi ile msafara ulipokuwa. Msafara uliofika ziwani ulikuwa umefungwa kwa majani na magamba ya nchi zote ulizozipita. (Msomaji atakumbuka kwamba umutumba, katika Kinyarwanda, ni shina la mgomba. Kufanana kwa sauti si udugu, na hatudai zaidi ya kufanana.)

Kamba hiyohiyo ilifunga watu. Katika miaka ya 1880 na mwanzoni mwa 1890, Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliutawala upande wa kaskazini wa ziwa kutoka Ujiji, na watu wa pande zote mbili za Ruzizi walivamiwa. Nguvu zake zilivunjwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo katika vita vilivyomalizika mwaka 1894. Minyororo na kongwa za wakati ule zimehifadhiwa katika makumbusho, kwa kuwa chuma na mti hudumu. Kamba za majani zimeoza. Lakini lugha imezitunza: Kiswahili humwita mtu aliyenyimwa uhuru wake mfungwa, kutoka kufunga, Kiganda humwita omusibe, kutoka okusiba, kufunga, Kinyarwanda humwita imbohe, kutoka kuboha, ambako ni kufunga na kusuka kwa pamoja. Lugha tatu zenye mashina matatu tofauti zimefikia wazo moja. Hakuna hata moja iliyomwita mtu huyo kwa jina la nyumba aliyofungiwa, maana nyumba ya kufungia ilikuja baadaye.

Ilikuja na pamba, kwa namna moja. Amri ya mwaka 1917 iliwapa watawala wa Kibelgiji uwezo wa kulazimisha mazao. Sheria ya mwaka 1921 ikagawa maeneo ya pamba kwa makampuni yaliyokuwa na haki ya pekee ya kununua. Sheria ya mwaka 1933 ikaweka siku 60 za kazi za lazima kwa mwaka, na katika vita, mwaka 1942, siku hizo zikawa 120. Asiyetimiza alitozwa faini au alitiwa kifungoni. Hebu tulitazame jambo hili kwa macho ya mkulima wa Lubarika. Alilazimishwa kulima nyuzi ambazo hakuruhusiwa kumwuzia amtakaye, na nyumbani mwake alikuwa akitumia kila siku nyuzi ambazo hazikuwa na bei. Za kwanza zilipimwa urefu, zikapangwa madaraja, zikasafirishwa. Za pili hazikuingia katika daftari la mtu yeyote, ingawa bila hizo hata furushi la pamba lisingefika penye mzani.

Hatusemi kwamba INEAC ilikosea kuchunguza pamba. Wachunguzi waliajiriwa kwa kazi hiyo. Tunachosema ni kwamba tusichukue kimya cha ripoti zao kuwa ni ushahidi kwamba hapakuwa na kitu kingine. Wanafunzi wengi wa historia huifanya kasoro hiyo: daftari likinyamaza, wao huandika "hapakuwapo".

Nyuzi za vita na nyuzi za plastiki

Mwaka 1942 Wajapani walikamata Manila, kisha Java. Kamba za meli za nchi za Magharibi zilitegemea nyuzi za Manila, na yafaa tukumbuke kwamba nyuzi hizo hutoka kwenye mgomba. Musa textilis ni ndugu wa mgomba wetu, na kinachotumika ni sehemu zilezile za chini za majani ambazo mwanamke wa Lubarika huzibandua asubuhi kufungia kuni. Tofauti ni kwamba kule Ufilipino hukwanguliwa mbichi, huku hungojewa zikauke. Mahitaji yakahamia kwenye mkonge wa Afrika Mashariki, na Tanganyika ikapanda juu hadi kufikia zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964. Mbegu ya anguko ilikuwa imekwisha kupandwa. Nailoni ilikuwa imevumbuliwa mwaka 1935, nazo kamba za plastiki zikafuata miaka ya 1950 na 1960.

Ziwani mabadiliko yalionekana kwanza kwenye nyavu. Wavuvi wa ndagala waliacha nyuzi za mimea na pamba wakashika nailoni, na hakuna mwenye akili atakayewalaumu, kwa kuwa nailoni haiozi majini. Nchi kavu mambo yalikwenda polepole zaidi. Mpira wa ndani wa gurudumu lililochakaa, uliochanwa vipande virefu, ukawa kamba ya baiskeli na ya pikipiki. Kisha kati ya mwaka 1993 na 1996, wakimbizi wa Burundi na wa Rwanda walipojaa katika kambi za uwandani, kama ile ya Luberizi, yakaja maturubai, na pamoja nayo nyuzi za plastiki zinazofumuliwa kutoka magunia. Sasa nyuzi hizo zimetapakaa kila mtaro. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kamba za plastiki hazikuguswa.

Migomba iliyofupika

Mtu anaweza kusema kwamba yote haya ni masimulizi ya kale, kwamba migomba ipo na yeyote atakaye kamba atabandua. Katika uwanda wa Ruzizi jibu hilo halitoshi. Uchunguzi uliofanywa Novemba 1987 na Sebasigari na Stover ulieleza kuwapo katika bonde la Ruzizi kwa ugonjwa unaofanya majani ya mgomba yasongamane kileleni. Husababishwa na virusi, huenezwa na vidukari, na zaidi ya hapo huenezwa na mkulima mwenyewe anapochukua chipukizi kwa jirani bila kujua kwamba lina ugonjwa. Mgomba ulioshikwa hutoa majani mafupi, membamba, yaliyosimama wima kama ufagio, na ukishikwa ungali mchanga hauzai. Dawa hakuna; ushauri wa wataalamu ni kung'oa shina pamoja na machipukizi yake yote na kupanda mbegu safi.

Wataalamu wa kilimo wameandika juu ya ndizi zilizopotea, na ni haki yao, kwa kuwa ndizi ni chakula. Lakini mtu aliyetufuata mpaka hapa ataona hasara ya pili. Jani fupi na jembamba hutoa tabaka fupi na nyembamba. Ukanda wa kufungia ambao zamani ulitosha kuzunguka mzigo hautoshi tena; inabidi kuunga, na kuunga kunataka kusokota, na kusokota kunataka muda. Kwa bei ya kipande cha plastiki, nani atakaa kusokota? Kwa njia hii ugonjwa wa mmea unaweza kuondoa kazi, na kazi ikiondoka maneno yake hayana mahali pa kusemwa. Kiswahili sanifu hakiwezi kuyaokoa kwa kuwa hakikuyapokea, na Kifuliiru kinayahifadhi kwa wale tu waliowahi kushika jani lenyewe.

Kwa hiyo tungependekeza mkusanyo mdogo wa msamiati, usiozidi nguvu za idara yenye walimu wachache. Maswali yake yawe ya vitendo: jani huitwaje likiwa bichi, likinyauka, likikauka, likirudishiwa maji; tabaka ya nje ya mgomba huitwaje, na ya ndani; ukanda usiosokotwa una jina gani mbali na kamba iliyosokotwa; muungo mbaya huitwaje. Majibu yachukuliwe kwa Kifuliiru, Kivira na Kirundi cha uwandani, na pembeni yake kiandikwe kile ambacho msemaji huyohuyo husema anapoongea Kiswahili, hata kama ni neno la lugha yake lililotiwa kiambishi cha Kiswahili. Kazi hiyo ifanywe kati ya Juni na Septemba, wakati majani yanapoanikwa, kwa sababu mengi ya maneno haya hayaji kwa kuulizwa kibarazani. Huja pale msemaji anapolishika jani, akalikunja, na kuona kwamba bado.